Mwalimu, kwa nini nithibitishe kitu ninachokiona?

Barua za mwezi huu zimejaa kikapu, na nafasi ni ileile. Nimechagua nne. Ya kwanza na ya pili zimetoka kwa watu wasiojuana, msichana wa shule na fundi wa mawe, lakini ya kwanza inaibeba ya pili mgongoni. Tafadhali zisomwe kwa mpangilio huo, hata wewe unayependa kuanzia mwisho wa gazeti.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, tunaishi Kariobangi South, Nairobi. Tuliambiwa tuthibitishe kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni digrii 180. Nilichora pembetatu tano, nikazipima zote kwa kipimapembe. Nilipata 180, 179, 181, 180 na 180. Nikaandika kwamba nimethibitisha. Nikapewa sufuri! Kila mtu anajua ni 180, hata kitabu kinasema. Kwa nini nithibitishe kitu ninachokiona kwa macho yangu?*
*— Mwenye Sufuri, Kariobangi*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hiyo sufuri. Mimi ningekupa alama moja, kwa sababu umekuwa na ujasiri wa kuandika 179 na 181. Kipimapembe cha seti ya jiometri kina mistari ya digrii moja moja, ncha ya penseli ina unene wake, na jicho hukitazama kwa upande. Pembe tatu ni nafasi tatu za kukosea. Mwanafunzi anayeniletea 180 kamili mara tano mfululizo hakupima, alikumbuka. Huyo ndiye ningemwita mbele.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kabla sijalijibu, ingia jikoni ulete sahani.

Izungushie penseli upate duara. Weka nukta mbili ukingoni, ziunganishe kwa mstari: duara limekatika vipande 2. Weka nukta tatu, uunganishe kila moja na kila nyingine: vipande 4. Nukta nne: 8. Nukta tano: 16. Usichore ya sita kwanza. Niambie utapata vipande vingapi.

Utasema 32. Kila darasa nililowahi kufundisha limesema 32, kwa sauti moja, kama wimbo. Haya, chora sasa, halafu hesabu polepole ukitia alama kila kipande. Ni 31. Hesabu tena ukipenda, mpigie kelele dada yako naye ahesabu, ile ya 32 haimo. (Ukipata 30, umezipanga nukta zako kwa umbali sawasawa na mistari mitatu imekutana katikati. Sogeza nukta moja kidogo tu, kipande cha 31 kitajitokeza.)

Uliona kwa macho yako 2, 4, 8, 16. Macho hayakukudanganya hata mara moja. Kilichokudanganya ni kuruka kutoka nukta tano ulizoziona hadi ya sita ambayo hukuiona. Na pembetatu zako nazo zilikuwa tano, sivyo? Kipimo kinatoa habari ya pembetatu uliyoishika mkononi. Ile ambayo bado hujaichora, ndefu na nyembamba kama mwiba, au yenye upande mmoja Kariobangi na mwingine Karen, kipimo hakina la kusema juu yake.

Uthibitisho unalo. Chora pembetatu yoyote, kitako chini, kilele juu. Pitisha kwenye kilele mstari ulio sambamba na kitako. Tazama hapo kileleni: sasa zimekaa pembe tatu bega kwa bega. Ya katikati ni ya pembetatu yenyewe. Ya kushoto ni sawa na ile ya chini kushoto, kwa kuwa upande wa pembetatu umeikata mistari miwili sambamba kwa mlalo uleule. Ipitishie kidole utaona herufi Z. Ya kulia ni sawa na ile ya chini kulia, nayo ni Z iliyogeuzwa. Zote tatu pamoja zimejaza mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ni digrii 180.

Kwisha. Angalia ambacho hatukufanya. Hatukutaja sentimita, hatukugusa kipimapembe, hatukuuliza kama pembetatu ni kubwa au ndogo. Ndiyo maana maneno hayo machache yanazitosha zote, pamoja na zitakazochorwa na wajukuu zako.

Kosa hili la kwako nalijua kwa ndani, maana nami nililifanya, nikiwa upande wa pili wa meza. Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, huku Eastlands, nilikuwa naandika uthibitisho ubaoni, wanafunzi wananakili, jioni wanakariri, mtihani ukija wanamimina. Walipata alama nzuri na mimi nilisifiwa. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikatunga jaribio, na badala ya kuita pembetatu ABC kama kawaida nikaandika PQR. Herufi tu. Darasa zima lilikwama. Binti mmoja akanyanyua mkono, akaniambia, “Mwalimu, hii hatujafundishwa.” Walikuwa wamekariri shairi, na mtunzi wa shairi ni mimi. Nililala vibaya usiku ule.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nadhani wewe ni wa aina ya kuuliza. Uthibitisho unaokaribiana sana na huu unapatikana katika kazi ya Euclid, aliyefundisha Alexandria, nchini Misri, mnamo mwaka 300 hivi K.K. Aliandika vitabu 13, na hili la pembe tatu ni jambo la 32 katika kitabu cha kwanza. La 32! Alingoja muda wote huo kwa sababu alihitaji kwanza mistari sambamba. Na mambo ya mistari sambamba yalimtesa. Mwanzoni kabisa Euclid anaomba akubaliwe mambo matano bila kuyathibitisha. Manne ni mepesi, kwa mfano kwamba pembe mraba zote ni sawa. La tano, linalohusu mistari inayokutana na isiyokutana, ni refu na halifanani na wenzake. Kwa miaka zaidi ya 2,000 watu wenye akili walijaribu kulitoa kwenye yale manne, wakashindwa. Karne ya 19, Lobachevsky huko Urusi na Bolyai huko Hungaria walionyesha kwamba unaweza kulikataa na bado ukajenga jiometri nzima isiyojipinga.

Usidhani ni mchezo wa wazungu wawili wenye muda mwingi. Panda gari hadi Nanyuki, pale ikweta inapokata barabara na watalii wanapiga picha. Tuseme unaanza hapo, unafuata ikweta kuelekea magharibi, unavuka Afrika na bahari ya Atlantiki, hadi Macapá, Brazil, mji mwingine uliokaa juu ya ikweta. Hapo unageuka kulia, kona ya mraba kabisa, unanyoosha hadi Ncha ya Kaskazini. Kisha unashuka moja kwa moja hadi Nanyuki, na unaingia ikweta kwa kona ya mraba tena. Umetembea pembetatu. Ina digrii 90 Nanyuki, 90 Macapá, na kama 88 kule nchani. Jumla ni 268. Kitabu chako kinaposema 180 kinazungumza juu ya karatasi bapa, ambako mistari sambamba ipo. Juu ya mpira haipo, na kwa hiyo Z yetu haisimami. Uthibitisho ndio uliokuonyesha mahali kanuni inapoegemea. Vipimo vyako vitano visingekuonyesha kamwe.

Nenda kwa mwalimu wako. Usiombe alama. Mwonyeshe hiyo Z, halafu umuulize habari za Nanyuki.

*Salaam Mwalimu. Mimi ni fundi wa mawe, miaka 22 kazini, sasa niko na saiti Ruai. Kona ya msingi tunaipiga kwa tatu-nne-tano: mita 3 huku, mita 4 huku, tepu ikisoma 5 kutoka pegi hadi pegi tunajua kona imeingia skwea. Kijana wangu wa sekondari alikuja likizo kunisaidia, akaniambia, “Baba, hiyo ni Pythagoras.” Nikamuuliza kwa nini inafanya kazi. Akasema 9 na 16 ni 25. Nikamwambia hiyo hesabu naijua, nauliza kwa nini kona inakuwa sawa. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Tena kuna hili: mwezi uliopita tulipiga kona vizuri, lakini ukuta wa mita 12 ukatoka nje sentimita 5. Nani wa kulaumiwa, Pythagoras ama kibarua wangu?*
*— Fundi wa Ruai*

Fundi, salaam sana. Kijana wako amejibu swali ambalo hukumuuliza, na swali lako ni zuri kuliko jibu lake. Usimkaripie. Wengi wanaolipwa kufundisha wangenyamaza vilevile.

Nianze na kule kunyamaza kwake. Kanuni aliyosoma, ile ya Pythagoras, Mgiriki wa kale, inaanzia kwenye kona ya mraba na kufika kwenye 9 na 16 ni 25, yaani 3 mara 3 ukijumlisha na 4 mara 4 unapata 5 mara 5. Wewe hufanyi hivyo. Wewe huna kona bado, ndiyo unaitafuta. Unaanzia kwenye 3, 4 na 5 na kufika kwenye kona. Barabara ni moja, safari ni mbili, na ya kwenda haikupi ya kurudi bure. Kila matatu ya 237 ya Thika inapita Roysambu, lakini ukisimama Roysambu ukaona matatu inakuja, huwezi kuapa kwamba inakwenda Thika. Kwa hiyo tunahitaji vithibitisho viwili.

Cha kwanza ni cha katoni. Kata pembetatu nne zinazofanana, kila moja na kona ya mraba yenye pande za 3 na 4. Chora sakafu ya mraba, 7 kwa 7. Tandika pembetatu moja kila kona ya sakafu, kona ya mraba ikiingia kwenye kona, hivi kwamba kila ukuta unalaliwa na 3 ya moja na 4 ya nyingine. Katikati panabaki shimo lenye pande nne zinazolingana, kila upande ni ule upande mrefu wa pembetatu.

Je, shimo ni mraba kweli au limeinama? Hapa ndipo yule msichana wa Kariobangi anaingia saiti yako. Pale ambapo pembetatu mbili zinakutana ukutani, pembe ndogo ya moja na pembe kubwa kidogo ya nyingine zimelizunguka shimo kulia na kushoto. Pembe hizo mbili ni zile ambazo ndani ya pembetatu moja zinabaki ukitoa kona ya mraba: 180 toa 90, ni 90. Ukutani ni mstari ulionyooka, 180. Kwa hiyo kona ya shimo nayo ni 90. Shimo ni mraba. Bila zile digrii 180 za msichana, katoni hii haithibitishi chochote.

Sasa hesabu: sakafu ni 49, kila pembetatu ni 6, zote nne 24, shimo ni 25. Mraba wa eneo 25 una upande wa 5. Hakuna tepu iliyofunguliwa.

Kijana wako akisema ni bahati ya 3 na 4, mwambie azisogeze pembetatu hizohizo. Mbili zikiunganishwa zinafanya mstatili wa 3 kwa 4, na zile mbili nyingine hivyo hivyo. Weka mistatili miwili kwenye kona zinazotazamana za sakafu. Nafasi zinazobaki ni mraba wa 3 na mraba wa 4. Sakafu ni ileile, mazulia ni yaleyale manne, basi kilichobaki wazi lazima kiwe kilekile. Na hapo hujatumia ukubwa wa 3 wala wa 4 popote. Weka urefu wowote unaotaka.

Cha pili ndicho cha kwako, na ni kifupi. Una pembetatu ya uzi ya 3, 4, 5, kona yake hujui. Pembeni yake tujenge nyingine ambayo kona yake tunajua ni mraba, pande za 3 na 4. Kwa kithibitisho cha katoni, upande wake mrefu ni 5. Sasa pembetatu mbili zina pande zilezile tatu. Pembetatu haina bawaba, Fundi, wewe unalijua hili kuliko mimi. Fremu ya mbao nne inainama, na ndiyo maana fundi wa mageti huchomelea chuma kutoka kona hadi kona. Lakini mbao tatu zikishapigiliwa hazina pa kwenda. Urefu tatu, umbo moja. Kwa hiyo pembetatu hizo mbili ni umbo lilelile, na kona yako ni ya mraba. Euclid aliyaweka haya mwisho wa kitabu chake cha kwanza, jambo la 47 na la 48. Ya kijana ni 47, yako ni 48.

Na hilo jina Pythagoras tunalitumia kwa mazoea tu. Kuna kibamba cha udongo cha Babeli, cha mwaka 1800 hivi K.K., kimehifadhiwa New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, kina orodha ya namba za aina hii zilizo kubwa kuliko zako: mstari wa kwanza unahusu 119, 120 na 169. Pythagoras alikuwa bado zaidi ya miaka 1,000 kuzaliwa. Jaribu hizo siku moja, mradi usiniletee gharama ya uzi.

Ukuta wako sasa. Pythagoras hana kosa, na kibarua usimkate pesa. Nimepiga hesabu: kwenye pembetatu ya mita 3, 4 na 5, tepu ikisomwa vibaya kidogo ule upande mrefu ukawa mita 5 na sentimita 1, kona inafunguka kama robo ya digrii. Huwezi kuiona. Lakini robo hiyo ya digrii ukiitembeza mita 12 inakutoa nje sentimita 5, kamili kama ulivyoandika. Kosa lenyewe ni sentimita moja. Lililoikuza ni udogo wa pembetatu. Piga 6, 8, 10, na sentimita hiyohiyo moja itakutoa nje sentimita 2 na nusu. Wale wanaopiga tatu-nne-tano kwa futi ndio wanaojitakia: sentimita moja kwa pembetatu ndogo hivyo inafika kama sentimita 16 mwisho wa ukuta wa mita 12. Kisha nyumba nzima inafuata kona hiyo, na fundi wa vigae anakuja kumlaani kila mtu.

(Jambo dogo pembeni, kwa kuwa uko Ruai. Ploti ya hamsini kwa mia huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane. Ekari ni futi za mraba 43,560, thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Zimepungua 445, chumba cha futi 21 kwa 21 na chenji. Sisemi zaidi.)

*Mwalimu, hujambo? Nauza nafaka Umoja. Mtoto wangu wa Gredi ya 6 ameniletea hesabu: 3 gawanya kwa robo ni 12. Mimi nilisoma kwamba kugawanya kunapunguza. Itakuwaje ugawanye upate kingi kuliko ulichokuwa nacho? Anasema shuleni wameambiwa “geuza uzidishe”, na akiuliza sababu anaambiwa ndiyo kanuni. Nimejaribu kumweleza, nimeshindwa, naona aibu.*
*— Mama Nafaka*

Sijambo mama, na aibu iweke chini. Hesabu hii unaifanya kila siku. Una kilo 3 za ndengu na unazifunga robo robo kwenye vimfuko. Vimfuko vingapi? Kumi na viwili. Ndengu hazikuongezeka. Kugawanya hapa ni kuuliza “hiki kinaingia mara ngapi kwenye kile”, na kitu kidogo huingia mara nyingi. Mwite mtoto asimame kwenye meza yako Jumamosi moja, afunge yeye mwenyewe.

Sasa hilo la kugeuza. Robo ni nyepesi, tuchukue ngumu. Una kilo 4 za maharagwe na kipimo chako ni theluthi mbili za kilo. Uliza kwanza kwa kilo moja tu: kipimo kinaingia mara moja, inabaki theluthi moja, ambayo ni nusu ya kipimo. Kwa hiyo kinaingia mara moja na nusu, yaani tatu juu ya mbili. Hiyo ndiyo mbili juu ya tatu iliyogeuzwa! Haikugeuzwa na mtu, ilijibu swali la “mara ngapi katika kimoja”. Kilo ziko nne, basi mara nne ya hapo: 6. “Geuza” ni jibu la kilo moja, “uzidishe” ni kwa sababu kilo ni nyingi. Mtoto akilielewa hili akalisahau, atalijenga tena mwenyewe. Akilikariri tu akalisahau, limekwenda.

Nilikulia Pumwani, na sehemu nilizijua kabla ya kwenda shule kwa sababu ya mirathi. Mzee akifariki, watu wazima walikaa ukumbini na sisi watoto tulijibanza mlangoni: mjane thumuni, kwa kuwa kuna watoto, na mama wa marehemu sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Kisha kimya, shehe anapiga hesabu kwa vidole. Thumuni na sudusi huziwezi kuzijumlisha mpaka uzigeuze kuwa vipande vya namna moja, na namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 ni 24. Tatu za mjane, nne za mama, kumi na saba za watoto. Nilipofika shuleni mwalimu akaanza kufundisha jambo hilo kwa duara lililokatwa kama keki, nami nikashangaa kwa nini hakuna aliyekufa.

Kuhusu shule, usigombane nao. “Ndiyo kanuni” ni jibu la mtu aliyechoka, na mimi nimelitoa pia, Ijumaa saa tisa mchana, darasa limejaa hadi dirishani. Lakini nyumbani usilitoe.

*Mwalimu, nipendekezee mwalimu wa tuisheni wa kumfundisha mwanangu wa Gredi ya 3 ahesabu kwa kasi kuliko wenzake.*
*— Mzazi, Donholm*

Sina wa kukupendekezea. Tafuta vifuniko vya soda 24, chora ubao wa drafti kwenye katoni, mcheze pamoja nusu saa kila jioni. Ukishindwa na mtoto wa miaka minane usikasirike.

Swali la mwezi ujao limetoka kwa fundi mwingine, ambaye barua yake ni fupi kuliko bahasha yake. Anasema yeye hahangaiki na tatu-nne-tano: “Napima msingi kona kwa kona, halafu kona kwa kona ya pili. Tepu ikisoma sawa mara zote mbili, nyumba iko skwea.” Kama tayari amehakikisha kuta zinazotazamana zina urefu sawa, ni kweli, na nataka mnithibitishie. Kama hakuhakikisha, kuna umbo la pande nne ambalo vipimo vyake viwili vya kona kwa kona ni sawa kabisa na halina kona ya mraba hata moja. Nitumieni mchoro wake, na sababu, si vipimo. Kidokezo: litazameni kwa ubavu. Mgao wa maji ukianza hapa Nairobi, huwa limepangwa foleni bafuni.